Mafundi, acheni kuosha brekishuu za Landrover 109 kwa petroli halafu mkadai hendibreki imepona

Wakuu, hili sasa limezidi. Karibu kila Landrover 109 (ile ndefu, inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) ya toleo la Series III inayotoka gereji ikiwa "imetengenezwa hendibreki", wiki mbili baadaye unaikuta imeegeshwa na jiwe nyuma ya tairi. Mwenye gari analipishwa brekishuu (vile vipande viwili vinavyobana ngoma ya breki), analipishwa ufundi, kisha anaambiwa avumilie kwa sababu gari ni la zamani. Ni la zamani kweli, Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, lakini hendibreki yake ikifungwa inavyotakiwa inashika gari lenye mzigo mlimani. Isiposhika kuna sababu, na sababu hiyo mara nyingi ni mafuta ya gia ambayo hakuna aliyehangaika kuuliza yanatoka wapi.

Kuna wanaoanza kwa kuvua matairi ya nyuma. Huko hamna hendibreki! Dramu yake, yaani ngoma inayobanwa na shuu, ni moja tu, ya inchi 9, iko nyuma ya transfa (boksi la gia la pili, linalogawa nguvu mbele na nyuma) kwenye flenji, ile sahani ya chuma inayozungusha propela ya nyuma, shafti ndefu inayokwenda kwenye difu. Inashika propela, propela inashika difu (gia za katikati ya ekseli ya nyuma), difu inashika eksel (shafti za kwenda magurudumuni). Difu ya 109 ni 4.7 kwa 1, kwa hiyo nguvu ya dramu ile inafika kwenye magurudumu ikiwa imezidishwa karibu mara tano. Ndiyo maana dramu moja inatosha. Na ndiyo maana haivutwi gari likiwa kwenye mwendo, labda breki ya mguu iwe imekufa kabisa, maana utakata eksel au utavunja krosi (kiungo cha propela).

Sasa sikilizeni hapa, ndipo watu wanapoliwa hela. Ukiegesha kwenye mteremko, ukavuta hendibreki na kuachia breki ya mguu, 109 itasogea kidogo, utasikia mgoto chini, kisha itatulia. Hiyo ni pleyi (nafasi ndogo ya kucheza) ya meno ya difu, krosi na eksel inajikusanya. Si ugonjwa. Fundi asiyejua anaona gari limesogea, anaingia chini na kukaza adjasta (skrubu ya kusogeza shuu karibu na dramu) mpaka mwisho. Shuu zinasugua dramu muda wote, dramu inachemka, joto linakausha mdomo wa sili iliyo jirani yake (mpira unaozuia mafuta ya transfa yasitoke), sili inaanza kuvuja. Hapo umelipia ugonjwa ambao haukuwepo.

Shuu ikishalowa mafuta ya gia imekufa. Msidanganywe. Laini yake, ile sehemu inayosugua dramu, inanyonya mafuta kama sponji. Ukiiosha kwa petroli, ukiichoma moto, ukiipiga msasa, juu itaonekana kavu na nyeupe, lakini ikipata joto mafuta yanapanda tena. Hiyo hendibreki "iliyopona" itashika siku ya kukabidhiwa gari tu. Zinabadilishwa shuu zote mbili, na hazibadilishwi kabla uvujaji haujazibwa.

Kuziba uvujaji si kununua sili peke yake. Mwaga mafuta ya transfa. Fungua nati nne za propela kwa spana ya inchi, 9/16. Namba 14 ya milimita haiingii, namba 15 inakula kona za nati, na wengi wanatumia hiyo 15 kisha wanamalizia kwa patasi. Toa skrubu za dramu, legeza adjasta, vuta dramu. Vumbi la humo usilipulize kwa kompresa: laini za zamani zilikuwa na asbesto, ukilivuta linakaa kwenye mapafu. Futa kwa kitambaa kilicholowa. Kisha fungua nati kubwa ya katikati, toa flenji, na upitishe ukucha pale mdomo wa sili unaposugulia. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, sili mpya haitadumu. Flenji ibadilishwe au ivalishwe bushi nyembamba. Sili inaingia mdomo ukiangalia ndani kwenye mafuta, na mdomo huo unapakwa mafuta kwanza, haufungwi mkavu.

Na ile "nimeweka sili mpya lakini bado inavuja"? Angalia katikati ya flenji. Mafuta yanapita kwenye meno ya shafti na kutokea chini ya nati kubwa, kwa hiyo kama kuna felti pale weka mpya, na upake silikoni kidogo kwenye meno. Angalia pia kipumulio cha transfa (kitundu cha kutoa hewa). Kikiziba kwa matope, presha inasukuma mafuta kupita sili yoyote, hata ukiibadilisha kila mwezi. Na kama mafuta ya gia boksi yanapungua huku ya transfa yakizidi mpaka kumwagika ukifungua plagi ya kupimia, basi yanahama kupitia sili iliyo katikati ya viwili hivyo. Transfa inachukua lita 2.5 za mafuta namba 90. Ikizidi, itayatapika humo humo kwenye dramu.

Kurekebisha kuna utaratibu, na unafuatwa kinyume kila mahali. Shuu kwanza, fimbo (zile zinazounganisha mkono wa hendibreki na shuu) baadaye. Hendibreki ikiwa imeachiwa, kaza adjasta mpaka shuu zibane dramu, rudisha kliki mbili, vuta mkono wa hendibreki kwa nguvu mara moja shuu zikae katikati, uachie. Ndipo unarekebisha fimbo mpaka mkono ushike kwenye jino la pili au la tatu. Fundi anayefupisha fimbo kwanza anaficha shuu zilizokwisha. Pini za zile fimbo zikilika mkono utakuja juu bure hata shuu ziwe mpya, na pini ni kitu cha bei ndogo. Baada ya hapo endesha kilomita kadhaa bila kugusa hendibreki, simama, sogeza kiganja chako karibu na dramu bila kuigusa. Ukisikia joto kali, shuu zinasugua.

Jambo la jeki ndilo linalotia hasira zaidi, kwa sababu linaua. Ukinyanyua tairi moja la nyuma ukitegemea hendibreki, difu inaruhusu tairi lililo hewani lizunguke upande mmoja na lililo chini lizunguke upande mwingine, gari linashuka kwenye jeki. Halijalishi hendibreki ni nzima kiasi gani. Sukuma chini mpini wa njano ili ekseli ya mbele nayo ishikwe, habu za mbele za kufungua na kufunga zikiwepo zifungwe, na bado weka kabari mbele na nyuma ya tairi lililobaki chini. Propela ya nyuma ikishatolewa, hendibreki haishiki chochote nyuma. Kabari ziwekwe kabla ya kugusa nati ya kwanza.

Kwa hiyo mwenye 109, usitoe hela kabla hujaonyeshwa shuu za zamani, sili iliyotolewa na flenji ikiwa wazi uipitishie ukucha mwenyewe. Fundi akikuambia hakufungua flenji kwa sababu "ilikuwa inavuja kidogo tu", hajatengeneza hendibreki, na gari lisitoke hapo mpaka aifungue.