Mrejesho: Nimerudi Lamu na nimewapata rafiki zangu

Wapendwa, niliwauliza iwapo inafaa kurudi Lamu, nilikokulia kabla ya kuhamia Nairobi, ilhali sikuwa tena na namba ya simu ya rafiki yangu hata mmoja. Nimekwenda na nimerejea salama, nami nawashukuru kwa dhati.

Nilipanda treni hadi Mombasa, kisha basi hadi Mokowe, gati iliyoko upande wa bara, na boti ikanivusha kisiwani. Ushauri wenu wa kuanza kuwatafuta katika uwanja wa Mkunguni, mbele ya ngome, ulinifaa kuliko wote: wazee waliokuwa wakicheza bao walinitazama kidogo, mmoja akaniuliza kama mimi si mtoto wa fulani, akimtaja marehemu baba yangu, na kabla ya adhuhuri kijana alikuwa ametumwa mtaa wa Langoni kumwita mwenzangu wa chuoni, yaani madrasa. Alikuja na vumbi la mbao mikononi, kwani sasa ni fundi wa kuchonga milango, tukakumbatiana mbele ya watu.

Wengine wamehamia Mombasa, na mmoja ametangulia mbele ya haki. Nilikwenda kwa mamake kumpa mkono wa pole, jambo ambalo, kwa maoni yangu, lingetosha peke yake kunifikisha Lamu. Wamenialika kwenye Maulidi, nami nimeshaomba ruhusa kazini.