Ndama anahara, nimbadilishie dawa? Niko Ruai

Mfugaji Ruai: Hamjambo wanabaraza. Nina ndama jike wa Friziani, ana siku 6, anaharisha maji ya manjano tangu jana. Nimempa antibayotiki ya unga, haijasaidia. Niongeze au nibadilishe? Usingizi umenipaa.

Mama Wambo: Pole sana. Mvua za 2023 zizi langu la Kikuyu lilijaa tope, nikazika wawili. Nililia kama niliyefiwa. Mwombe Mungu.

Wa Kabete: Dawa baadaye. Alinyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, saa ngapi baada ya kuzaliwa? Kitovu kilitiwa ayodini?

Mfugaji Ruai: Kitovu kimekauka. Dang'a nadhani alipata. Maziwa nimemkatia ili tumbo lipumzike.

Wa Kabete: Unadhani? Nani alimzalisha ng'ombe?

Mfugaji Ruai: Hakuzaliwa kwangu. Nilimnunua sokoni juzi, mchangamfu kabisa. Na arbuni ya wengine wawili nimeshatoa, wanaletwa Jumamosi. Siwezi kurudi nyuma, hizo ni pesa za chama.

Baba Tito: Rahisi ghali. Vijana mnataka maziwa kabla ya kujenga zizi.

Jirani Kasarani: Mimi siamini. Uzi kama huu uliwahi kuletwa hapa, mwishowe mwenyewe akaanza kuuza maziwa ya unga ya ndama. Picha iko wapi?

Mfugaji Ruai: Siuzi kitu, ndugu. Simu yangu haipigi picha vizuri, ila niko naye hapa. Nikimfinya ngozi ya shingo inabaki imekunjika, hairudi upesi. Macho yameingia ndani, masikio ya baridi. Chuchu ya chupa anailamba tu.

Wa Kabete: Iwe kweli au uongo, kuna msomaji mwenye ndama wa hivyo usiku huu. Kinachomuua ni kupoteza maji na chumvi. Akiwa bado ananyonya, mpe lita 2 za maji ya chumvi na glukosi ya ndama, asubuhi na jioni, mbali na saa za maziwa. Maziwa mrudishie, ndiyo nguvu yake. Asiponyonya usimmiminie mdomoni, yataingia mapafuni. Huyo wako anahitaji dripu, ita daktari wa mifugo sasa. Kuhara kwa siku 3 au 4 za kwanza mara nyingi ni bakteria. Kuanzia siku ya 5 mara nyingi huwa virusi au kriptosporidia, vimelea vya utumbo, na hapo antibayotiki haifui dafu. Kriptosporidia humwambukiza hata mtu: nawa kwa sabuni, watoto wasimshike. Dang'a hufaa ndani ya saa 6 tangu kuzaliwa. Baada ya saa 24 utumbo haupitishi kinga tena.

Mfugaji Ruai: Daktari yuko njiani. Lakini wale wawili nitawatenga kona ya pili ya zizi hilohilo, nitapiga deki.

Wa Kabete: Kona ya pili ni zizi lile lile. Mwambie muuzaji aendelee kukaa nao. Akikataa, watafutie banda kavu kwingine, ndoo yao, gambuti zao, na uwalishe wao kabla ya kumgusa mgonjwa.

Mfugaji Ruai: Nampigia sasa.