Mrejesho: ule wasia wa shangazi

Assalam aleikum jamani, ni mimi niliyeuliza kama wasia wa marehemu shangazi unasimama, alokuwa kaandika nyumba yote ya Langoni apewe binti aliyemlea tu, hakumzaa. Basi tukaenda kwa Kadhi hapa Lamu, akatwambia mtoto wa kulea harithi ila wasia anapewa, mwisho thuluthi ya mali, tena baada ya maziko na madeni (deni la duka kumbe lilikuwepo, tukauza bangili zake tukalipa). Kuzidi hapo mpaka warithi waridhie, nao ni ndugu zake watatu. Baba na ami mkubwa wakaridhia palepale, ami mdogo kakataa katakata, haki yake lakini mmh. Kwa hivyo binti, thuluthi yake na mafungu ya hao wawili waloridhia, kapata sehemu saba kwa tisa za nyumba, mbili za ami mdogo tunachanga tuzinunue.