Ruzuku ya miaka 5, utafiti wa miaka 20: bajeti ya kohoti ya saratani ya umio ikaeje?

takwimu_kaskazini
Wakuu, tunaandaa andiko la kohoti, yaani kundi la kufuatiliwa kwa miaka mingi: watu 20,000 wa miaka 40 na kuendelea, Kilimanjaro na Arusha. Tunatafuta visababishi vya saratani ya umio (mrija wa chakula kutoka kooni hadi tumboni): chai ya moto, pombe za kienyeji, moshi wa jikoni. Wafadhili wengi wanatoa miaka 5. Tufanyeje kundi lisife ruzuku ikiisha? Na manusura wa saratani tuwaingize humo humo?

Mfuatiliaji
Kabla ya fedha, hesabu wagonjwa. Tuseme, kwa mfano tu, kila mwaka wanaugua 50 kati ya watu 100,000 wa umri huo. Kundi lako litatoa wagonjwa 10 kwa mwaka, 50 kwa miaka mitano, na hapo hujatoa waliohama wala miaka miwili ya kuandikisha. Ukiwagawa kwa chai, pombe na moshi, hubaki na kitu.

Golestan, Iran, eneo lenye saratani hii kwa wingi, waliandikisha watu 50,045 kuanzia 2004 hadi 2008. Matokeo ya joto la chai yalitoka 2019, kwa wagonjwa 317 baada ya ufuatiliaji wa takriban miaka 10. Tena joto lenyewe walilipima kwa kipimajoto, maana ukimuuliza mtu kama chai yake ni ya moto atakujibu "ya kawaida".

Kwa hiyo usimwahidi mfadhili visababishi ndani ya miaka 5. Muahidi watu walioandikishwa, sampuli zilizohifadhiwa na asilimia ya waliopatikana kila mwaka. Visababishi vya haraka vinatafutwa kwa kulinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa, kama utafiti wa ESCCAPE wa saratani hii ulivyofanya Eldoret, Moshi na Malawi.

friza_na_jenereta
Panapovuja fedha ni kwenye sampuli. Vichupa 6 kwa kila mtu ni 120,000. Boksi la nafasi 81 linakupa maboksi 1,482. Friza ya nyuzi -80 inayobeba maboksi 500 hivi: unahitaji 3, na ya 4 ikae tupu lakini imewashwa, maana friza ikifa usiku huna pa kuhamishia. Gawa vichupa vya kila mtu kwenye friza mbili tofauti.

Umeme, dizeli na fundi usivifiche kwenye gharama za uendeshaji wa taasisi (zisizo za moja kwa moja). NIH ya Marekani (taasisi za taifa za afya, zinazofadhili utafiti) huzipa taasisi za nje asilimia 8 tu kwa hizo. Piga ada ya kuhifadhi kila kichupa kwa mwaka, uiandike kama gharama ya moja kwa moja.

takwimu_kaskazini
Shukrani. Vipi manusura?

Mfuatiliaji
Kundi lao liwe la pekee, liandikishwe hospitalini siku ya utambuzi. Ukiwasubiri wamalize dawa, waliokufa mapema hutawaona, na takwimu zako zitapendeza bila sababu. Mfano mzuri ni ABC-DO, utafiti wa saratani ya matiti katika nchi kadhaa za Afrika, Uganda ikiwemo: wanawake zaidi ya 2,000, simu kila baada ya miezi 3 kwa mgonjwa au ndugu yake.

Chukua namba tatu: yake, ya ndugu wa nyumba nyingine, ya jirani. Laini zinabadilishwa sana, ndugu ndiye atakayekupa tarehe ya kifo. Fomu ya ridhaa iruhusu mapema kuoanisha majina na rejista ya saratani na kutumia sampuli kwa vipimo vya baadaye. Kuwarudia watu 20,000 kuomba saini ya pili ni bajeti nyingine kabisa.

karani_wa_ruzuku
Nyongeza ya kalenda. Ombi la NIH huchukua miezi 9 au zaidi hadi fedha kufika, na linaweza kukataliwa mara ya kwanza. La kuhuisha lipeleke mwanzoni mwa mwaka wa 4. Tangu Mei 2025 pia NIH ilisitisha kutoa ruzuku ndogo mpya kwa taasisi za nje kupitia mshirika wa Marekani, ikielekea kwenye mfumo ambao kila taasisi ina ruzuku yake iliyounganishwa na ile kuu. Taasisi yenu iwe na namba yake ya UEI (utambulisho wake kwa serikali ya Marekani), na usajili wa SAM.gov, tovuti ya serikali hiyo ya waombaji fedha, uhuishwe kila mwaka. Ukilala hapo, andiko halipokelewi hata liwe zuri vipi. Kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, Tanzania) nacho ni cha mwaka mmoja, kiombeeni upya kabla hakijaisha.