Mjadala: Kuchekea riwaya za vijana, ni uhakiki au ni dharau?

Shangazi wa Mkomani:
Assalam aleikum jamaa. Nina jambo limenikaa kooni tangu Alhamisi. Vijana wetu wana kikao barazani baada ya Alasiri. Mmoja husoma riwaya ya vijana kwa sauti, wengine huchambua, na uchambuzi wenyewe ni kucheka. Siku hiyo walianza na Twilight ya Stephenie Meyer, na hata mimi nilicheka nikiwa dirishani. Kisha wakahamia kitabu kimoja cha Kiswahili, jina nalisitiri, ambamo msichana anateremka matatu mbele ya jeti ya Lamu, gati ya kisiwa chetu. Walikiponda, wakakiponda tena. Mpwa wangu wa miaka kumi na sita alikuwa ukingoni mwa baraza na daftari lake. Anaandika hadithi humo, na alikwenda ili awasomee. Nilimwona akilitia daftari ndani ya buibui, polepole, akalibana kwa kiwiko mpaka kikao kikavunjika. Nauliza: huo ni uhakiki?

Kijana wa Baraza:
Shikamoo shangazi. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma. Naomba radhi kwa mpwa wako, wallahi sikujua kuhusu daftari. Lakini kucheka siachi. Yule Edward wa Twilight kazaliwa 1901, homa ya 1918 ikataka kumuua huko Chicago, akageuzwa mnyonya damu, na mpaka leo yuko darasani anasoma baiolojia pamoja na msichana wa miaka kumi na saba. Miaka mia na ushei, sekondari haimaliziki! Halafu huingia chumbani kwa msichana usiku kumtazama akilala, na sisi tuambiwe hayo ni mapenzi. Hapa Amu, yaani Lamu, angepigiwa ukelele wa mwizi kabla hajafika ukumbini. Nilipolisema hilo, wasichana watatu waliokuwa kimya walianza kuzungumza. Mmoja akasema yuko mtu anayemfuata hivyo hivyo akitoka madrasa. Bila kile kicheko asingelitoa.

Binti Shela:
Kwa hiyo sisi tuliokipenda tulikuwa wajinga? Nilikuwa na miaka kumi na tano, sijawahi kumaliza kitabu cha Kiingereza, nikakimaliza hicho, karibu kurasa mia tano, kwa siku nne. Mamangu alidhani ninaumwa. Leo naajiriwa kwa Kiingereza changu. Nyinyi wavulana hucheka kila kitabu kinachopendwa na wasichana. Cha vita na bunduki mbona hamkigusi?

Kijana wa Baraza:
Dada, sikusema wajinga. Na cha bunduki tulikichekea mwezi jana, shujaa alipigwa risasi tatu begani na sura iliyofuata akaogelea.

Binti Shela:
Hukusema, lakini ulimwigiza msichana kwa sauti nyembamba. Niliisikia nikipita.

Maalim Mstaafu:
Wanangu, mzaha mzaha hutumbua usaha. Nimefundisha fasihi zaidi ya miaka ishirini. Uhakiki una mambo yake: maudhui, wahusika, mtindo, mandhari. Hakuna mahali palipoandikwa "cheka". Siku Njema ya Ken Walibora ilipotoka 1996 niliisoma usiku mmoja. Kongowea Mswahili alipofunga safari kutoka Tanga mpaka Kitale kumtafuta babake, niliweka kitabu kifuani. Darasani mtoto mmoja akacheka jina Kongowea, eti ni soko la Mombasa, na darasa zima likaharibika. Hawakumsikia tena yule kijana asiye na baba. Kicheko kimoja tu.

Kijana wa Baraza:
Maalim shikamoo, lakini huyo alicheka jina, sisi twacheka kosa. Na darasani twaulizwa "jadili maudhui", alama ishirini. Hakuna aliyewahi kutuuliza kama sura ya tano inachosha. Wengi wakimaliza mtihani hawashiki riwaya tena. Barazani wanakuja bila kuitwa.

Maalim Mstaafu:
Unaniambia nilichosha watoto?

Kijana wa Baraza:
Sikusema wewe, Maalim.

Maalim Mstaafu:
Umesema darasani. Darasani nilikuwa mimi.

Nahodha wa Zamani:
Maalim, tuliza moyo. Mimi nimezawa Amu na nasema huu ni mji wa kuambiana kweli kwa kucheka. Miaka ya 1970 vimondo, mashairi ya kusemana, vilisambaa kwa kaseti nyumba hata nyumba wakati wa siasa. Watu walisemwa kwa beti tamu, wakubwa kwa wadogo. Aliyesemwa alijibu kwa beti, hakulia. Mtu akitaka kuandika naawe na ngozi.

Shangazi wa Mkomani:
Nahodha, kimondo kilimlenga mtu aliyesimama kutaka kura. Mtoto wa miaka kumi na sita hajaomba kura ya mtu. Ngozi yake ndiyo kwanza inaota.

Mtumishi kutoka Bara:
Samahani wenyeji, mimi naishi hapa kikazi mwaka wa pili. Kosa la matatu ni kosa gani kubwa hivyo? Mwandishi huenda hajawahi kufika. Na kusema ukweli, mji kuendelea kuwabebesha punda mizigo karne hii si jambo la kumchekea mtu wa nje.

Nahodha wa Zamani:
Si jambo la nini? Rudia.

Mshona Kofia:
Karibu, mgeni. Basi na matatu huishia Mokowe, ukavuka kwa boti. Jeti ni ngazi na bahari. Huyo msichana aliteremkia majini?

Mtumishi kutoka Bara:
Nimesema huenda hajafika. Na bodaboda mbona ziko? Kila siku naziona nyuma ya mji.

Nahodha wa Zamani:
Nyuma ya mji! Vichochoro vya Mkomani watu wawili wakikutana mmoja hujibana ukutani, sasa utie pikipiki? Mji umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001 kwa sababu ya vichochoro hivyo hivyo. Punda huijua ndia, ukimpa mzigo hufika mwenyewe.

Kijana wa Boda:
Mzee, mimi naendesha boda na ninalisha watoto watatu. Punda wako akiugua hubebwa na nani mpaka hospitali ya punda? Kila tatizo la Amu ni boda, hata riwaya sasa.

Nahodha wa Zamani:
Mwezi wa Shaabani boda ilimgonga mjukuu wangu mguuni.

Kijana wa Boda:
Pole kwa mjukuu, kwa dhati. Punda naye alimkanyaga mamangu mbele ya Ngome, na hakuna aliyetaka punda waondolewe.

Binti Shela:
Tulikuwa tunazungumza vitabu.

Mshona Kofia:
Na tungali. Lile kosa la matatu linaniuma kwa sababu nyingine. Ukurasa huo huo msichana anasema "macho yangu yamejaa machozi, njia siioni". Mtu wa Amu husema mato, husema ndia. Mwandishi angemwuliza mtu mmoja tu. Mimi nikishona kofia, tundu moja likikosewa nafumua safu nzima. Mvaaji haoni, lakini mimi naona.

Maalim Mstaafu:
Kitabu cha vijana husomwa na mtoto wa Busia na wa Garissa. Ukiandika Kiamu kitupu nani atafundisha? Kiswahili sanifu ni cha wote.

Mshona Kofia:
Sikusema kitupu. Anaposimulia na atumie sanifu. Anapomfungua kinywa mtu wa Amu, amwache aseme. Kwani Mwana Kupona, mtunzi wa ule utendi wa mawaidha, alipomwandikia bintiye 1858 alimwandikia kwa lugha ya Nairobi? Na ule utendi kwangu ni kitabu cha vijana cha nti hizi, umeandikwa kwa msichana.

Kijana wa Baraza:
Mwana Hashima. Mama alikuwa mke wa Bwana Mataka wa Siyu. Na tukiusoma barazani wako wasichana wanaobishana na kila ubeti kuhusu mume, na wako wanaouweka moyoni. Kicheko kipo humo pia, na Mwana Kupona hajapungua hata chembe.

Maalim Mstaafu:
Mnamcheka Mwana Kupona?

Kijana wa Baraza:
Tunabishana naye, Maalim. Njoo Alhamisi usikie. Uketi mbele.

Maalim Mstaafu:
Nitakuja, na nitakuja na Siku Njema. Mtu akicheka jina Kongowea naondoka.

Shangazi wa Mkomani:
Jamaa, swali langu mmelipeleka Mokowe mkaliacha huko. Kijana, nijibu wewe. Mtoto akija na daftari mtamfanyaje?

Kijana wa Baraza:
Shangazi, nimefikiria tangu jana. Kitabu kilichochapwa kimeuzwa, tumekinunua kwa pesa, tutakichekea. Daftari silo. La daftari tutasikiliza mpaka mwisho, na atakayetaka kusema aseme kwanza ni wapi alipotaka kujua kinachofuata. Na ile sauti nyembamba naiacha. Dada wa Shela, umenishika hapo.

Binti Shela:
Haya. Nami nakuja, lakini Edward namtetea.

Shangazi wa Mkomani:
Mpwa wangu amesoma yote haya begani kwangu. Hasemi kama atakuja. Amenipokonya simu, anauliza kwa ajili ya sura yake ya pili: punda wa kupeleka saruji hubeba mifuko mingapi?

Nahodha wa Zamani:
Miwili, mwanangu, mmoja kila upande. Ukimtia wa tatu unamwonea.

Kijana wa Boda:
Na akiwa wa mchanga mtie shogi, ule mfuko wa mkeka wa punda, mgongoni, usiandike gunia. Gunia watakucheka.