Ushauri: Dogo wa uzito wa juu kaitwa Ujerumani, raundi 6, zimebaki siku 12

Kocha_wa_Uwani
Wakuu habari za usiku. Nina dogo namfundisha na kumsimamia, uzito wa juu, miaka 31, mapambano 21: kashinda 9, kapoteza 11, sare 1. Jana wakala kapiga simu, kuna pambano Ujerumani Jumamosi ya wiki ijayo. Raundi 6, mpinzani kijana wao, kashinda 7, hajapoteza, zote kwa KO (mtu anaangushwa na hawezi kuendelea). Dau euro 2,500, tiketi mbili na hoteli juu yao. Tunajua tunaitwa kwenda kupoteza, hilo wala halituumi. Ninachotaka amalize raundi 6 kwa miguu yake, arudi na hela yake. Siku 12 nimfanyishe nini? Na kwenye mkataba niangalie wapi? Usingizi sipati.

Ndoo_na_Sponji
Siku 12 pumzi haijengwi, inatunzwa. Sparingi ya nguvu (kupigana kwa mazoezi) mwisho iwe siku ya saba kabla ya pambano, raundi 6, umbadilishie watu wawili wabichi, glavu za aunsi (oz) 16. Baada ya hapo pedi raundi 4, kamba, kukimbia dakika 25 za kawaida, basi.

Muda uliobaki mfundishe kukumbatia. Kichwa kiingie begani kwa jamaa, mkono wa kushoto ufunge mkono wake wa kulia juu ya kiwiko, kisha alegee kabisa, kazi ya kuwatenganisha amwachie mwamuzi. Wengi wanakumbatia halafu wanasukumana, hapo ndipo miguu inakufa raundi ya 3. Kama jamaa anatumia kulia, azungukie upande wa mkono wa kushoto wa jamaa, na kulia kwake yeye kugande shavuni kwa sababu konde la kuzungusha litakuja.

La mwisho: asinyamaze. Mwamuzi hasimamishi pambano kwa sababu mtu anapigwa, anasimamisha kwa sababu hajibu. Jebu, lile konde la mkono wa mbele, hata isiyofika, mradi mkono utoke. Akitikisika apige goti mwenyewe, achukue hesabu mpaka 8. Kupiga goti ni pointi moja. Kusimama umekufa ni pambano zima.

Shangazi_Mtulivu
Miaka 31, kipigo cha 11, na bado mnatafuta cha 12? Hela hiyo ya Ulaya ikigawanywa inabaki kidogo tu. Robert Wangila alileta dhahabu ya Olimpiki Kenya kutoka Seoul 1988, bondia wa kweli kweli, na mwaka 1994 alifariki baada ya pambano Las Vegas. Huyo alikuwa bingwa. Huyu wenu je?

Mtoto_wa_Gombani
Shangazi punguza kuzika watu walio hai. Ngumi ni bahati pia. Mwakinyo 2018 alikwenda Birmingham hakuna anayemjua, akammaliza Mwingereza Sam Eggington raundi ya 2. Andy Ruiz 2019 aliitwa kuziba pengo la Jarrell Miller, akamwangusha bingwa wa uzito wa juu Anthony Joshua mara nne ukumbi wa Madison Square Garden na kuondoka na mikanda. Dogo aende akapige!

Karani_wa_Mizani
Ruiz usimtumie kama mfano wa mtu wa kuokotwa. Alikuwa kapoteza pambano moja tu maisha yake yote, na Aprili 20 ya mwaka ule ule alitoka kupigana, akaingia na Joshua Juni 1. Mwili ulikuwa tayari kambini. Na Mwakinyo hakuwa mtu mwenye vipigo 11.

Ukitaka mfano wa uzito wa juu anayeishi kwa kuitwa, tazama Kevin Johnson. 2009 alipigania mkanda wa WBC na Vitali Klitschko pale Bern, akamaliza raundi 12. Baadaye akawa mtu wa kuzunguka Ulaya kupimia vijana. Aliyekuja kummaliza kabla ya muda kwa mara ya kwanza ni Joshua, 2015. Miaka mitatu mbele akamaliza raundi 10 na Daniel Dubois. Promota anamlipa mtu wa hivyo kwa sababu kijana wake atapata raundi za kujifunza na mgeni atarudi mzima. Bondia wa kuitwa akianza kuanguka raundi ya 1 kila safari, simu zinabadilika: anaitwa na watu wabaya zaidi, kwa hela ndogo zaidi.

Sasa mkataba. Dau liandikwe kama ni kabla au baada ya kodi. Ujerumani wanakata mwanamichezo mgeni asilimia 15 pamoja na nyongeza ya mshikamano, jumla 15.825. Kwenye 2,500 hiyo ni kama euro 396, mnabaki na 2,104. Wakala akichukua 20 kwa mia ya dau lote (500) na wewe kocha 10 (250), bondia anabaki na 1,354, kabla ya vipimo vya huku ambavyo mara nyingi mnalipa wenyewe. Iandikwe pia: idadi ya raundi, ukubwa wa ulingo, glavu oz 10 na aina yake, uzito wa mpinzani usizidi kilo ngapi, na mnalipwa nini pambano likifutwa mkiwa mmeshafika. Hela mpewe usiku ule ule kabla ya kurudi hotelini. "Tutatuma" ni neno baya sana kwenye ngumi.

Chuma_cha_Reli
Kocha hujataja uzito. Dogo ana kilo ngapi na jamaa ana ngapi?

Kocha_wa_Uwani
Dogo 88. Jamaa mara ya mwisho alipima 113. Lakini dogo ana kasi.

Chuma_cha_Reli
88 si uzito wa juu mkuu! Uzito wa juu unaanza pale kilo 90.7 inapozidi. Huyo ni kruza, uzito wa chini yake, mnamvalisha koti la baba yake. Kilo 25 ni nusu mfuko wa simenti, na jamaa atamlalia nao kila wakikumbatiana. Ule ushauri wa Ndoo wa kukumbatia unageuka: akikumbatia mtu wa 113 ndiye yeye atakayechoka. Agusane, atoke pembeni, asikae chini ya kwapa la jamaa.

Ndoo_na_Sponji
Kweli, kwa tofauti hiyo nafuta nusu ya nilichosema. Mnaomba ulingo wa futi 20. Wakiwapa wa 16, hakuna pa kuzungukia.

Mtoto_wa_Gombani
Mpeni ugali wiki nzima, atafika 91 😂

Karani_wa_Mizani
Utani huo kuna watu wanaufanya kweli. Mtu ananyweshwa maji lita 3 kabla ya mizani ili karatasi isomeke vizuri. Kichwa hakiongezeki uzito kwa maji.

Mpima_Chai
Mmeandika kurasa nzima, hakuna aliyejiuliza. Ubalozi unashughulikia viza ya Schengen siku 15 tangu ombi likamilike, na mara nyingine zaidi. Bado miadi. Huyu kapigiwa simu JANA, pambano siku ya 12. Hiyo viza inatoka wapi? Pili, bondia mwenye mapambano 21 lazima awe BoxRec, ule mtandao wa rekodi za mabondia, lakini kocha hataji hata mkoa. Hii ni chai, tena ya maziwa. Waungwana endeleeni kunywa.

Shangazi_Mtulivu
Ndiyo maana nilihisi harufu ya tangawizi.

Mtoto_wa_Gombani
Daah. Kocha njoo ujibu, vikombe vimejaa.

Kocha_wa_Uwani
Si chai. Jina sitaji kwa sababu dogo hajui kama nimeandika hapa. Viza tunayo tayari. Wakala alituombea wiki sita zilizopita, pambano lenyewe lilikuwa linajulikana. Jana alipiga kuthibitisha tarehe. Nimesema "jana" nisiandike maelezo marefu.

Mpima_Chai
Kwa hiyo una wiki sita za kujiandaa, na unatuuliza cha kufanya ndani ya siku 12? Wiki hizo sita alikuwa anafanya nini?

Chuma_cha_Reli
Swali zuri. Kocha, pambano lake la mwisho lini, na lilikwishaje?

Kocha_wa_Uwani
Alipigana mkoani siku 23 zilizopita. Pambano la tamasha tu, halikuripotiwa popote. Alipoteza.

Chuma_cha_Reli
Alipoteza vipi?

Kocha_wa_Uwani
KO raundi ya 2. Lilikuwa konde la nyuma ya sikio, halikuwa hata la haki. Aliamka mwenyewe.

Chuma_cha_Reli
Aliamka baada ya muda gani?

Kocha_wa_Uwani
Kama dakika moja. Labda na nusu. Lakini siku ya pambano la Ujerumani zitakuwa zimetimia siku 35, na watu wote wanasema baada ya KO mtu apumzike siku 30. Mazoezi mepesi anafanya. Kichwa kinamgonga jioni tu, akitoka kwenye jua. Na wakala alishatuma euro 600 za mwanzo, 400 zimelipia kodi ya chumba na ada ya mtoto wake. Nitarudishaje?

Karani_wa_Mizani
Hapo ndipo ungeanzia mkuu.

Siku 30 ni ya mtu ambaye hakuzimika. Kanuni za ngumi za ridhaa zimekuwa wazi: bila kuzimika siku 30, kuzimika chini ya dakika moja siku 90, zaidi ya dakika moja siku 180. Ndani ya siku hizo hata sparingi hairuhusiwi. Kamisheni za ngumi za kulipwa zinatofautiana, lakini hakuna daktari wa ulingoni atakayesikia "dakika na nusu" halafu asaini. Ndiyo maana wakala amefurahi kwamba halikuripotiwa.

Kichwa kinachouma baada ya KO ni dalili kwamba ubongo huenda haujapona. Konde la pili kabla ya kupona halihitaji kuwa kubwa. Ubongo unaweza kuvimba ghafla, au mishipa midogo inayounganisha ubongo na utando wake ikachanika na damu ikajikusanya taratibu. Mtu anatoka ulingoni anatembea, anaongea, saa moja baadaye anatapika hotelini na kulala usingizi usioamshwa. Hilo la nyuma ya sikio nalo ni baya, kichwa kinazunguka shingoni, na mzunguko ndio unaochana.

Kocha_wa_Uwani
Wao watampima MRI, ile picha ya ubongo, kule kule. Ikiwa safi si anapigana?

Karani_wa_Mizani
MRI inaonyesha damu na uvimbe. Haionyeshi kama seli zimepona. Mtu anaweza kutoka na picha safi na bado kichwa kikamgonga miezi miwili. Na kule watamuuliza kwa maandishi lini alipigwa KO mara ya mwisho. Akidanganya na akaumia, hiyo karatasi ndiyo watakayoitoa kwanza kwenye bima.

Tena, barua ya ruhusa ya kutoka nje inatolewa na kamisheni ya nyumbani, kwa hapa Tanzania ni TPBRC, kamisheni ya ngumi za kulipwa. Mmeipata kwa maelezo gani?

Kocha_wa_Uwani
Wakala anasema atashughulikia leseni ya nchi nyingine. Nchi siijui.

Mpima_Chai
Naondoa neno chai. Ningependa ingekuwa chai.

Ndoo_na_Sponji
Euro 600 si deni la kufa. Mwandikie wakala leo, kwa maandishi, si kwa simu: bondia alipigwa KO tarehe fulani, hawezi kupanda ulingoni, hizo 600 zikatwe kwenye dau la pambano lijalo. Akigoma, mrudishie 200 zilizobaki na muandikishane za mwezi kwa mwezi. Promota ana siku 12 za kutafuta mtu mwingine, na uzito wa juu Ulaya wapo wa kutosha wa kilo 110 wanaosubiri simu. Ukimwambia siku mbili kabla, hapo ndipo utadaiwa na tiketi na hoteli.

Shangazi_Mtulivu
Mama yake anajua?

Mtoto_wa_Gombani
Mimi nimeshanyamaza.

Kocha_wa_Uwani
Nimewasoma wote, nashukuru. Nitaongea na dogo asubuhi. Ila yeye anajisikia vizuri, na akikosa hii hataitwa tena, mnajua soko lilivyo. Kama tukienda, tutacheza kwa kujilinda tu. Naomba basi mnisaidie jambo moja dogo: kule wanaruhusu bandeji mita ngapi?

Chuma_cha_Reli
Ya mkononi au ya kichwani?