Billie Holiday wa kweli yuko wapi: katika rekodi za 1937 au za 1958?

Mwenye Santuri:
Wapenzi wa jazi, salaam. Mara mbili mwaka huu vijana wameniuliza waanzie wapi kumsikiliza Billie Holiday, na mara zote mbili nimekuta wameshaelekezwa kwenye Lady in Satin, santuri aliyoirekodi Februari 1958, mwaka mmoja na miezi mitano kabla ya kufariki. Naona urithi wa mwimbaji huyu unapindishwa, na naomba tulizungumze.

Alizaliwa 1915, akaingia studio kwa mara ya kwanza Novemba 1933 akiwa na miaka 18, na kuanzia Julai 1935 hadi 1942 akarekodi, kwanza chini ya jina la mpiga piano Teddy Wilson na baadaye pia kwa jina lake mwenyewe, nyimbo za dakika tatu tatu ambazo kwangu ndizo kilele cha uimbaji wa jazi. Sikilizeni "What a Little Moonlight Can Do" ya tarehe 2 Julai 1935. Bendi inakwenda mbio, klarineti ya Benny Goodman inatangulia, kisha msichana wa miaka 20 anaingia bila haraka yoyote, akiyaacha maneno nyuma ya mdundo kama mtu anayevuka barabara huku akijua kwamba magari yatamsubiri. Sauti ni nyepesi, safi, na ina kicheko ndani yake. Kufikia 1958 sauti hiyo ilikuwa imekwisha. Anayeitanguliza Lady in Satin hasikilizi muziki. Anasoma cheti cha daktari.

Mama wa Tanga:
Ndugu yangu, mengi uliyoyasema nayakubali, lakini sentensi yako ya mwisho ndiyo iliyonikalisha chini niandike.

Marehemu mama yangu alikuwa akiimba taarab harusini, na watu walimfuata kwa ajili ya sauti yake. Akapata kiharusi, na kwa muda mrefu hakuimba. Siku moja akiwa anapeta mchele uani alianza wimbo aliouimba tangu ujana wake, kwa sauti iliyokwaruza, na kwa kuwa pumzi haikumtosha alikuwa akikata katikati ya mstari, mahali ambapo zamani hakukata. Sisi wanawe tuliokuwa tukiujua wimbo ule kwa moyo tuliyasikia maneno yake siku ile kana kwamba yametungwa asubuhi hiyo. Ungelinikuta pale ukaniambia kwamba nasoma cheti cha daktari, tusingeelewana.

Ndivyo ninavyoisikia "You've Changed" katika santuri hiyo unayoidharau. Mpangaji wa muziki, Ray Ellis, alikiri baadaye kwamba studioni hakufurahishwa na uimbaji wake, kwa sababu alikuwa akisikiliza noti tu, na kwamba wiki chache baadaye, alipoisikia kazi iliyokamilika, ndipo alipotambua ukubwa wake. Kama aliyekuwa amesimama mbele yake alihitaji wiki kadhaa, nasi tujipe muda.

Mkereketwa:
Mama, pole kwa msiba wa zamani, na ninaheshimu kumbukumbu yako. Lakini mama yako alikuwa nyumbani kwake, na hakuna aliyekuwa akimuuza. Hapa tunazungumzia kampuni iliyomchukua mwanamke mweusi aliyekwisha kuvunjwa na jela, na dawa za kulevya, na wanaume waliomla fedha zake, ikamsimamisha mbele ya okestra ya watu wapatao 40, ikammiminia fidla ambazo hakuzihitaji, kisha ikauza mkwaruzo wa koo lake kama bidhaa ya anasa. Ni Columbia ileile iliyomtoa na "Strange Fruit" mwaka 1939 na kujipatia sifa ya ujasiri. Ninaamini kwa dhati kwamba wengi wanaoisifu Lady in Satin wanavutiwa na kumwona mwanamke akiumia, na kama wimbo huohuo ungeimbwa hivyo na mwimbaji mwenye afya na maisha matulivu, wasingeumaliza.

Fundi Redio:
Mawili hapo hayako sawa, na ni makubwa kiasi kwamba hayawezi kupita hivihivi.

Kwanza, Columbia haikuirekodi "Strange Fruit". Waliikataa, kwa kuwa wimbo ule wa Abel Meeropol ulitaja wazi miili ya watu weusi walionyongwa mitini huko Kusini mwa Marekani, na kampuni iliogopa wateja wake. Walimruhusu akairekodi kwingine, naye akaipeleka kwa Milt Gabler, mwenye duka la santuri mjini New York, aliyekuwa na lebo ndogo iitwayo Commodore. Ilirekodiwa tarehe 20 Aprili 1939. Sifa ya ujasiri ni ya Billie na ya Gabler.

Pili, fidla alizitaka mwenyewe. Mwaka 1944, Gabler alipokuwa akimrekodia katika kampuni ya Decca, Billie ndiye aliyemsihi amwekee fidla kwenye "Lover Man", jambo ambalo wakati ule waimbaji wa jazi weusi hawakupewa. Na mwaka 1958 ndiye aliyemtaka Ray Ellis, baada ya kuisikia santuri ya okestra ya Ellis. Tunaweza kusema alikosea kuchagua, lakini hatuwezi kumnyang'anya uchaguzi wake kisha tukadai kwamba tunamtetea.

Mkereketwa:
Nakubali kuhusu Commodore, na nashukuru kwa kunisahihisha. Sikubali kuambiwa kwamba ninamnyang'anya chochote, kwa sababu walionyang'anya wanajulikana. Zile rekodi za 1935 na kuendelea ambazo Mwenye Santuri anazililia, Billie alilipwa kwa kila kikao fedha ya mara moja, bila mrahaba. Santuri zikazunguka kwenye mashine za muziki za mabaa kote Marekani, kampuni ikavuna, naye hakuona senti ya ziada. Baada ya kifungo chake cha Alderson, West Virginia, alikotoka Machi 1948, polisi wa New York walimnyima kibali cha kuimba katika vilabu vinavyouza pombe, basi akazunguka miji mingine kutafuta riziki. Mwaka 1959 akiwa kitandani katika hospitali ya Metropolitan alikamatwa palepale alipolala, askari akawekwa mlangoni, na alipofariki tarehe 17 Julai, akiwa na miaka 44, akaunti yake ya benki ilikuwa na senti 70. Mtu aliyetendewa hivyo akiomba fidla, anaomba ndani ya chumba alichofungiwa.

Mwenye Santuri:
Mama wa Tanga, naomba radhi kwa maneno ya cheti cha daktari. Niliyaandika kwa hasira dhidi ya watu wengine, yakakuangukia wewe.

Hata hivyo hoja yangu naishikilia, na naomba tuirudie, kwa sababu naona tumeanza kusomeana wasifu, nilivyohofia. Fedha aliyolipwa Billie ilikuwa haki au dhuluma, na mimi nasema ilikuwa dhuluma, lakini haibadilishi noti hata moja. Tarehe 25 Januari 1937 aliingia studioni Lester Young na saksafoni yake, na kuanzia hapo mambo yaliyotokea kati ya wawili wale sijayasikia tena mahali pengine. Chukueni "A Sailboat in the Moonlight" ya Juni mwaka huohuo. Ni wimbo wa msimu, mashairi yake ni mepesi kupindukia, na kwa mwimbaji mwingine ungesahaulika kabla ya mvua za vuli. Billie anaunyoosha, anayapunguza mapanda-shuka ya sauti yaliyoandikwa, anakaa juu ya noti chache tu, na nyuma yake Lester anapita katika nafasi anazoziacha, hamkanyagi hata mara moja. Mmoja akinyamaza mwingine anaongea. Yeye ndiye aliyempa jina la Lady Day, naye Billie akamwita Prez. Katika Lady in Satin hakuna wa kuongea naye. Fidla hazijibu, zinamtandikia tu.

Msikilizaji wa Mombasa:
Shikamoo Mwenye Santuri. Umemtaja Lester, basi ruhusu nikurudishe kwake, lakini miaka 20 baadaye.

Tarehe 8 Desemba 1957 televisheni ya CBS ilirusha moja kwa moja kipindi cha jazi, na Billie akaimba "Fine and Mellow", wimbo wake mwenyewe uliokuwa upande wa pili wa "Strange Fruit". Picha zake zipo. Ameketi kwenye kiti kirefu, nywele zimefungwa nyuma, na wapigaji wamemzunguka: Ben Webster, Coleman Hawkins, Roy Eldridge, Vic Dickenson, Gerry Mulligan, na Lester, ambaye wakati huo alikuwa mgonjwa na amedhoofika. Zamu ya Lester inapofika anasimama na kupiga duru moja tu ya bluzi, noti chache, polepole, bila kujionyesha. Kamera inageukia uso wa Billie. Anatikisa kichwa kidogo, anatabasamu, macho hayambanduki, na unaona kwamba anajua kila noti itakapoangukia kabla haijaanguka. Lester alifariki Machi 1959 na Billie akamfuata baada ya miezi minne.

Usiku ule na vikao vya Lady in Satin vimetenganishwa na miezi miwili na siku chache. Ni sauti ileile na koo lilelile. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kwenye "Fine and Mellow" hakusikika muziki.

Mwenye Santuri:
Marahaba mwanangu. Hapo umenigusa, maana kipindi kile nakipenda, na sikuwahi kuziweka tarehe hizo mbili pamoja. Lakini bado nasema, pale alikuwa na wenzake.

Mpita Njia:
Mimi nashangaa tunavyobishana juu ya sauti iliyochakaa, sisi ambao tulijaa kumsikiliza Bi Kidude katika uzee wake, na sikumbuki mtu aliyetoka ukumbini akidai arudishiwe sauti ya ujana wake.

Mkereketwa:
Bi Kidude alizeeka. Billie hakuzeeka, alikuwa na miaka 42 alipoingia kurekodi ile santuri. Tafadhali tusilinganishe uzee na uharibifu.

Fundi Redio:
Niongeze jambo ambalo halijaguswa, nalo linanisumbua zaidi kuliko fidla. Kati ya 1952 na 1957 mtayarishaji wa rekodi Norman Granz alimrekodia na wapigaji wachache, watu kama Ben Webster, Harry Edison, Jimmy Rowles na Barney Kessel, na kwangu mimi hizo ndizo rekodi zinazopotea katikati ya ubishi huu wa mwanzo na mwisho. Sasa, kampuni yenye rekodi hizo za Granz ilipokusanya kila kitu cha kipindi hicho katika kasha la sidii 10, iliingiza pia kanda ya mazoezi ya Agosti 1955, Billie na Rowles wakijaribu nyimbo. Anakohoa, anacheka, anasimulia vituko vyake, anatukana, anaanza wimbo na kuuacha. Nimeisikiliza mara nyingi nikijifunza anavyoupima mstari kabla ya kuuimba, na kila mara najihisi kama niliyesimama dirishani kwa mtu. Lady in Satin aliimba akijua itauzwa. Kanda hii je?

Mkereketwa:
Hiyo ndiyo hoja niliyokuwa nikiitafuta tangu mwanzo nikaikosea mlango. Kanda ile haikupaswa kutoka. Mwimbaji ana haki ya kuchagua kile kitakachobaki, na aliyenyimwa haki hiyo akiwa hai asinyimwe tena akiwa kaburini.

Mama wa Tanga:
Mwanangu, nakuelewa, lakini nitakueleza kwa nini nashukuru kwamba ipo. Katika kanda ile anacheka. Rekodi zote tulizozitaja humu zimempa kila mtu Billie wake, Mwenye Santuri anaye msichana asiye na haraka, wewe unaye aliyedhulumiwa, mimi ninaye mama anayekata pumzi. Pale anafanya kazi. Anajaribu mstari, haumridhishi, anauanza tena, na mlevi asiyejua afanyalo hafanyi hivyo. Mimi nilikuwa nikiamini kwamba zile kukatiza zake za miaka ya mwisho ni upungufu wa pumzi tu, kama wa mama yangu. Kanda ile ndiyo iliyonionyesha kwamba nyingine alizipanga.

Mwenye Santuri:
Jana usiku nimefanya jambo ambalo huenda ningelifanya kabla ya kuuanzisha mjadala huu. Granz alimrekodia tena "What a Little Moonlight Can Do" mwaka 1954, akiwa na Charlie Shavers kwenye tarumbeta na Oscar Peterson kwenye piano. Nimeipiga ile ya 1935, nikaipiga hii, nikarudia mara nne. Bendi zote mbili zinakwenda mbio. Sauti ya pili imeshuka, ina changarawe, na zile noti za juu hazijaribu kuzifikia. Lakini anapoingia, anaingia nyuma ya mdundo vilevile, anavuka barabara vilevile, na magari yanamsubiri vilevile. Nimekaa na jambo hilo mpaka usiku wa manane.

Bado nitamwambia kijana aanze na 1935. Lady in Satin nitamwambia aifikie kwa miguu yake, akizipita zote zilizo katikati. Hizi mbili za wimbo mmoja nitampa pamoja siku ya kwanza.

Mkereketwa:
Mpe hizo mbili, mzee wangu. Kanda ya mazoezi usimpe, angalau mpaka awe amezisikia zile alizoziridhia mwenyewe.

Fundi Redio:
Nami ningeiweka mwisho kabisa, lakini ningeiweka.